Ombi la Kumfufua Mama Yangu, Chumba cha Pili

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maendeleo na Uchangishaji,
Makumbusho ya Historia ya Mji.

Ndugu Mwenyekiti,

Kwanza nakupongeza wewe na kamati yako kwa jitihada za kuliokoa paa la makumbusho yetu, ambalo kwa sasa linavujia wakubwa na wadogo bila ubaguzi. Niliona ndoo mbili chumba cha kwanza. Moja nilidhani ni ya kale, nikaanza kutafuta maelezo yake ukutani.

Mimi ni mtoto wa kwanza wa yule fundi aliyeshona sare za shule za mji huu kwa miaka arobaini. Mwaka jana mlituomba kitu cha kuonyesha, tukawapa cherehani yake ya kukanyaga. Mkaiweka chumba cha pili, mkaandika kadi nzuri kwa wino mweusi: “Cherehani ya marehemu fundi wa sare.” Ndugu Mwenyekiti, mama yangu yupo. Leo asubuhi amenigombeza kwa kuvaa shati lililokatika kifungo.

Malalamiko yangu, ambayo nayaleta kwa adabu zote, ni haya:

1. Nilipomweleza mtunza makumbusho kwamba kuna kosa, alinipa pole. Nikasema mama hajafa. Akanipa pole tena, kwa sauti ya chini zaidi, akaniletea kiti.

2. Katibu wako alikiri kosa lipo. Ila, alisema, tangu neno hilo liandikwe wageni husimama mbele ya cherehani, huvua kofia, kisha hutumbukiza rambirambi kwenye sanduku la michango. Zamani sanduku hilo lilikuwa la kuzuia mlango usijifunge. Akaniomba niwe mwelewa: “Mama yako akifufuka, paa halijengwi.” Nimewahi kuchangia mambo mengi mjini hapa, lakini mzazi bado.

3. Mama alikwenda mwenyewe kuthibitisha kwamba anapumua. Alitozwa kiingilio.

4. Mafanikio yamewanogea. Kinyozi aliyewapa kiti chake cha zamani ameshaandikwa “hayati”, na wateja wawili wamemkimbia mashine ikiwa kichwani. Mwalimu mstaafu aliyetoa kengele ya shule ameulizwa, kwa heshima kabisa, kama angependa kuwa marehemu kuanzia mwezi ujao, maana ukuta wa nyuma nao umepata ufa.

5. Shangazi zangu wawili waliona kipeperushi chenu cha uchangishaji, wakaja na mabegi huku wakilia. Walimkuta marehemu jikoni. Wamekula alichopika, na mpaka leo hawajaondoka. Wanasema nauli waliyolipa ni ya msiba, na msiba si jambo la siku moja.

Kwa hiyo naomba mfute neno hilo mara moja. Kama haiwezekani, kamati ije nyumbani imkabidhi mama, kwa maandishi na muhuri, tarehe aliyofariki, ili apange shughuli zake. Nisipojibiwa ndani ya siku saba, nitaketi kando ya sanduku nikiwa mfiwa rasmi, na kila mgeni nitamwambia mama hajambo, anawasalimu.

Nisalimie katibu, mtunza makumbusho, fundi wa paa kama amepatikana, na wajumbe wote ambao kamati bado inawahesabu kuwa hai.

Wako katika kuwatetea wanaopumua,

Mtoto wa Marehemu
(kwa mujibu wa kadi yenu)

Nyongeza: Nimemsomea mama barua hii kabla ya kuifunga, naye ameikataa. Kumbe siku ile aliyokwenda kujithibitisha hakujitaja. Tangu hapo huenda kila Ijumaa, huketi kwenye benchi kama mgeni yeyote, akisikiliza watu wazima wakisimulia sare zao za kwanza na jinsi mishono yake ilivyokataa kuachia. Mtunza makumbusho alimuuliza kama anajua marehemu alijifunzia wapi kushona, naye akamweleza mchana kutwa. Mimi nimekaa naye nyumba moja miaka hamsini na mbili, na swali hilo sijawahi kumuuliza. Naona aibu kuliandika hili. Liacheni neno lenu kama lilivyo, na paa msilimalize haraka. Ijumaa hii tutakuja wawili.