Kete ya Kijani na Hema la Uani

Jumatano, 27 Desemba
Tumefika Riverton, kwenye nyumba ya likizo ya mama mkwe wangu, Mama Ngaire. Mvua. Watu wengi kuliko vitanda, kama kila mwaka, na kama kila mwaka mwamuzi wa nani alale wapi ni Visiwa vya Ukungu, mchezo wa ubao wa ukoo huu. Unafunua vigae vya ramani kimoja kimoja, unatafuta jiwe la mwezi, unalifikisha bandarini kabla joka halijakumeza. Mshindi analala chumba cha mbele. Wa mwisho analala hemani, uani. Nimelala hemani miaka minne mfululizo! Mgongo umekwisha. Mke wangu Marama ametangaza kwamba safari hii nikishindwa nitalala huko peke yangu. Yeye atabaki ndani, kwenye godoro la sebuleni. Hakuwa anatania.

Alhamisi, 28 Desemba
Nimepata dawa! Sheria zetu za nyumbani ziko ndani ya mfuniko wa boksi, kwa mkono wa Mama Ngaire, na hakuna anayethubutu kuzipinga. Kitabu cha maelekezo kikisema vingine, kinaambiwa kinyamaze. Leo wote walipokwenda ufukweni kuokota kome, nilisingizia tumbo. Nikafanya mazoezi ya mwandiko wake saa nzima, kisha nikaongeza mstari wa mwisho: Kete ya kijani hailiwi na joka.

Kijani ni mimi. Tangu nilipooa! Hemi, mdogo wake Marama, bingwa wa miaka mitatu, safari hii atakoma.

Waliporudi nikala bakuli mbili za kome. Marama akauliza tumbo limepona saa ngapi.

Ijumaa, 29 Desemba
Msiba. Kabla ya kuanza, Marama alisoma mfuniko kwa sauti, ndiyo desturi. Alipofika kwenye mstari wangu, akausoma mara mbili. Mama Ngaire akavaa miwani. Akasema hakumbuki kuuandika, ila mwandiko ni wake, basi ni sheria. Nusura nimbusu.

Ndipo Hemi, mjuaji yule, akasema kama kijani ina kinga, si haki mtu mmoja aihodhi. Kila mtu achote rangi kwenye kofia bila kuangalia. Nikapinga. Nikapinga mno. Mama akaniuliza, mwanangu Clive, mbona unatoka jasho na baridi yote hii? Tukachota. Hemi kijani. Mimi nyekundu.

Joka limenila mara tano, kila mara naanza upya! Hemi alikuwa analipita puani akipiga mluzi. Eti, "Pole shemeji, mimi na joka tumeshaongea." Amechukua chumba cha mbele. Mimi wa mwisho. Hata Wiki, shangazi yake Marama, aliyesinzia nusu ya mchezo, amenipita.

Jumamosi, 30 Desemba
Hema linavuja. Sikuwahi kujua kitanda cha mtu mmoja kinaweza kuwa kikubwa hivi. Asubuhi Marama ameniletea chai, akaniuliza nina la kusema? Nikasema lote, bila hata kupumua. Kumbe mama yake alijua tangu jana. Alitaka tu kuona nitafika wapi. Marama akasema nikiomba radhi na kuufuta ule mstari kwa mkono wangu mwenyewe, nirudi ndani, tutabanana godoroni. Nimemkumbuka mke wangu kwa usiku mmoja tu, jamani. Machozi yalinilenga.

Nimeomba radhi mbele ya wote. Mama Ngaire amenibusu paji la uso, akanikatia keki ya pavlova iliyobaki ya Krismasi. Hemi amenipigapiga begani. Wameniamini, wakaniacha peke yangu na mfuniko na kichupa cha wino mweupe wa kufutia. Nimefuta vizuri sana. Ukakauka, safi kabisa, nafasi tupu ya mstari mmoja.

Nikaandika: Kete nyekundu hailiwi na joka. Nyekundu ni yangu sasa. Wote wameniona nayo jana.