Gramu Mia Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya sita kwenye karakana ya Fundi mfinyanzi. Wanafunzi tumebaki wawili: mimi na shemeji, kaka yake mke wangu. Leo Fundi katangaza kwamba ana nafasi moja tu ya kazi. Atakayemtolea bakuli lisilozidi gramu mia tatu anabaki naye. Mwingine ataagwa kwa heshima.

Huu ni ufundi wangu wa nne. Saa, viatu na nyuki, vyote havikuelewana nami. Mke wangu ameapa kwamba wa tano hautakuwapo. Lazima nafasi hii iwe yangu.

Jumatano, 5 Machi
Tumefinyanga. Kimo na upana ni vilevile, tunapimiwa kwa kijiti cha Fundi. Bakuli langu lilisimama imara kama nguzo. La shemeji lilitikisika kila alipopumua. Nilimwonea huruma.

Fundi hataki tuandike majina. Ijumaa tutakwangua vitako ili kupunguza uzito, na jina litakwanguliwa pamoja navyo. Kila mtu akumbuke bakuli lake lilipo rafuni. Langu kushoto, la shemeji kulia. Jambo hili limenipa mawazo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimewahi kufika. Udongo umekauka nusu, unashikika. Nikapima. La shemeji: mia tatu na thelathini. Langu: mia tano na arobaini! Mizani ya Fundi ina kasoro, lakini kasoro hiyo haimgusi shemeji.

Nikahamisha. La kulia kushoto, la kushoto kulia. Nikafunika nailoni, nikafagia karakana kwa moyo mweupe.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji alinyanyua bakuli lake, yaani langu, akalipima mkononi, akaniangalia. Kisha akainama akaanza kukwangua. Mpole mno. Ndiyo maana simwamini.

Nami nikaligeuza langu juu ya gurudumu, kitako juu. Fundi alisema tugonge kitako kwa kidole tukisikilize. Sauti ikibadilika, tuache. Sikuona haja ya kugonga. Gramu thelathini ni kitu gani? Nikajiambia nishushe mpaka mia mbili, Fundi abaki mdomo wazi.

Chuma cha kukwangulia kilipita. Kitako kilitoka kizima, chembamba, cha mviringo, kikanidondokea gotini. Nilimwona Fundi kupitia tundu. Akaniuliza nilikuwa nakwangua nini, maana udongo ulikuwa umeshakwisha.

Shemeji alikwangua asubuhi nzima, akigonga, akisikiliza. Chini ya meza yake takataka za udongo zilijaa kopo. Mizani: mia mbili na tisini na tano. Fundi akampa mkono.

Jumamosi, 8 Machi
Sikulala vizuri. Bakuli lililoshinda nimelifinyanga mimi! Haki ni haki. Nikaenda kwa Fundi, nikamweleza kila kitu, hata jinsi nilivyohamisha, ili asiwe na shaka.

Fundi akamwita shemeji. Shemeji akasema alijua tangu alipolishika. Alinyamaza asije akanitia aibu.

Fundi akafikiri, kisha akaniambia: "Basi moja alilifinyanga yeye, na lililoshinda amelikwangua yeye. Wewe umetoboa tu."

Nilijisikia vibaya sana. Haikuwa hesabu ya haki hata kidogo.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu ameambiwa. Amehesabu kwa vidole: saa, viatu, nyuki, udongo.

Jioni shemeji kaja nyumbani. Amenibembelezea kwa Fundi: nibaki, niwe nakanda udongo. Nimkandie yeye. Amesema, "Shemeji, tutafanya kazi pamoja, yaishe." Mke wangu alitokwa na machozi. Mimi pia, kidogo. Nimekubali.

Mkandaji ndiye anayetoa kokoto kwenye udongo. Zikisahaulika mbili tatu, bakuli jembamba litachanika lenyewe mikononi mwa mfinyanzi, na Fundi ataanza kujiuliza kama alimchagua mtu sahihi.

Na nimejifunza. Safari hii sitakiri.