Mahari ya Kipa

Jumatatu, 4 Agosti

Habari kubwa! Kocha wa timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka ishirini anakuja Kisumu Jumamosi kuchagua wachezaji. Kila klabu ilete kipa mmoja. Mmoja tu. Mimi Dishon, kocha, mwenyekiti na mfua jezi wa Malkia wa Otonglo, sikuhitaji hata kufikiri. Nilimwambia Nakhungu nafasi ni yake.

Nakhungu ni binti wa kaka wa mke wangu, Maximilla. Tumekaa naye tangu akiwa shule ya msingi. Asubuhi anakaanga samaki na shangazi yake hapa sokoni, jioni anadaka. Hakusema mengi. Aliosha glavu zake, akazianika kwenye kamba, kisha akaanza kuimba. Miaka yote hii sikujua kama anaimba.

Mzee Dalmas, mweka hazina wetu, akanikumbusha kwamba bado sijasajili wachezaji. Huyu mzee anapenda kuharibu furaha. Nikamwambia Nakhungu ni mtoto wa nyumbani. Mtoto wa nyumbani unamsajili wapi?

Jioni akaja mteja wa kutoka Kombewa kununua viatu vya mtumba. Akasema mjukuu wa Mama Dorca amekuja likizo kutoka Amerika. Anaitwa Winny. Kipa wa timu ya chuo kikuu! Nilimuuzia viatu kwa hasara bila kujua.

Jumanne, 5 Agosti

Nilienda Kombewa kutazama. Kutazama si dhambi.

Winny alikuwa uani kwa nyanya yake. Msichana mrefu! Watoto wa jirani walikuwa wanampigia mipira kutoka kila upande, kuku wanakimbia ovyo, naye anadaka yote. Mmoja alipiga wa juu kabisa, akauchukua kwa mkono mmoja huku akiongea na mtu mwingine. Nilihisi machozi.

Nikamweleza habari ya Jumamosi. Kiswahili chake ni kidogo, Dholuo chake ni cha nyanya, Kiingereza changu ni cha redioni. Alisema yuko likizo, lakini angefurahi kuona wasichana wa hapa wakicheza. Mimi nikasikia ndiyo.

Njiani nikafikiri sana. Nimewahi kusikia kwamba mchezaji akiuzwa ng'ambo, klabu zilizomlea nazo hupata kitu. Jamani, si hii ni mahari! Ulaya wanaoa, na sisi tuliolea tunaletewa ng'ombe wetu. Sasa Nakhungu ataolewa na klabu gani? Mfupi. Pasipoti hana. Lakini msichana wa Amerika, aliyechaguliwa na Kenya, aliyetokea Otonglo! Nilihesabu ng'ombe mpaka gari likapitiliza kwangu, nikarudi kwa miguu.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Wahenga hawakumwona Winny akidaka.

Jumatano, 6 Agosti

Nimetuma jina. Winny. Nililituma kwa simu, kwa katibu wa soka wa kaunti. Baada ya kutuma nilivaa koti. Nikajiambia ni baridi. Baridi, Kisumu!

Kisha kazi ngumu. Nilimwambia Nakhungu kwamba siku ya makipa imeahirishwa hadi wiki ijayo. Akaniuliza kama ni kweli. Nikasema kweli kabisa. Akasema afadhali, atapata muda wa kufanyia kazi mipira ya kona. Aliniamini pale pale.

Jambo moja la kufurahisha. Kipa wa Obunga, klabu ya jirani, amevunjika kidole! Mwalimu wao ni Mama Wakhisi, yule anayeuza mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki viwandani. Ndiye anayeniita Mheshimiwa Mitumba mbele za watu. Mpaka leo hajatuma jina la kipa. Mungu hamtupi mja wake.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya aibu. Naandika nikiwa na kiatu kimoja.

Niliona si adabu kumchukua mtoto wa watu bila kuongea na wenyewe. Kwa hiyo nilivaa suti, nikamchukua Mzee Dalmas, tukanunua sukari, majani chai na kreti ya soda, tukaenda rasmi. Mama Dorca alitupokea vizuri. Nikasimama, nikasema sisi watu wa Otonglo tumeona binti mzuri katika boma hili, na tumekuja kuomba aje kwetu.

Mama Dorca akatuma mtu awaite wanawe. Nikaona hiyo ni heshima. Wakaja wanaume watatu, mmoja bado ameshika jembe.

Mama Dorca akaniuliza kama nina mke. Nikasema ninaye, hana neno, tena atampikia binti vizuri. Akaniuliza kama hiki nilicholeta ndicho chote. Nikasema huu ni mwanzo tu, mambo makubwa yako mbele. Mambo gani? Hapo nikatamka neno ambalo nitalijutia kaburini. Nikasema tukimuuza Ulaya, tutagawana.

"Wewe Dishon," Mama Dorca akasema polepole, "unataka kuoa mtoto yangu, halafu umuuze?"

Mzee Dalmas alitoka wa kwanza. Kwa umri wake sikujua ana mbio zile.

Winny alirudi kutoka sokoni akanikuta kwenye ua wa miti, suti imenaswa. Nyanya akamweleza. Msichana alicheka mpaka akaketi chini. Ndipo akawaambia ni mambo ya mpira tu. Mama Dorca akasema mpira au si mpira, soda inabaki. Winny akaahidi kuja Jumamosi, ila akasema kuna jambo napaswa kulijua kwanza. Nikamwambia atanieleza huko huko. Mwenye jembe alikuwa bado hajaketi.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama Dorca na Maximilla wanafahamiana kupitia akina mama wa kanisa. Ningekumbuka hilo mapema! Kabla sijaamka, soko lote la Otonglo lilijua nimeenda kuoa Kombewa. Muuza nyanya alinipongeza.

Maximilla hakupiga kelele. Ni afadhali angepiga. Aliniuliza tu, kama sikwenda kuoa, nilikwenda kufanya nini. Nikamweleza. Winny, Amerika, mahari ya kipa, ng'ombe wetu. Nilieleza vizuri sana, hata mimi nikashawishika upya.

"Na Nakhungu?"

Nakhungu alikuwa mlangoni anaparua magamba ya samaki. Kisu kikasimama.

"Kocha, ungeniambia tu ukweli," alisema. "Benchi mimi nimeshaikalia. Singekufa."

Hakulia. Alimaliza yule samaki, akanawa mikono, akachukua glavu zake, akaondoka kwa njia ya Obunga. Nilidhani amefuata mgongo wazi kama kawaida. Hakurudi jioni.

Nilishika simu nimpigie katibu abadilishe jina. Namba yake ilikuwa mbele yangu. Kisha nikawaona wale ng'ombe tena, wanene, wanaingia boma. Nikairudisha simu mfukoni. Naandika hivi ili nisije kesho nikajidanganya kwamba mtandao ulikuwa mbaya.

Jumamosi, 9 Agosti

Mungu wangu.

Winny alikuja na yule mjomba wa jembe, safari hii bila jembe. Akaingia golini. Alidaka kila kitu! Mimi nilikuwa natembea nyuma ya nyavu nimevaa suti niliyoshona jana, watu wakiniuliza ni nani huyo. Nikawajibu ni zao la Otonglo.

Kocha wa taifa, mama mmoja mpole mwenye filimbi, akamwita. Nikawahi kujitambulisha: mlezi wake. Ndipo Winny akasema lile jambo. Amerika wamekwisha mchagua katika timu yao ya vijana, na mwezi ujao anaingia kambini. Hakuja kuchaguliwa. Alikuja kutazama, na mzee huyu, yaani mimi, alikuwa amemsisitizia sana avae glavu.

Kocha akanitazama. Nikamnong'oneza swali langu moja tu: na akiuzwa baadaye? Akasema mwanafunzi wa chuo hauzwi. Akimaliza masomo anaenda atakako, bure. Na hata siku moja akiuzwa, wanaokula ni waliomfundisha, si aliyemkuta kwa nyanya yake akidaka kati ya kuku. Mjomba wa jembe alicheka sana.

Kisha akauliza kipa mwenyewe wa Otonglo yuko wapi.

Kabla sijajibu, Obunga wakaingia uwanjani. Niliziona glavu kwanza. Nilizinunua mimi, kidole gumba cha kushoto nilikishona mwenyewe. Nakhungu! Ndani ya jezi ya Mama Wakhisi!

Sijawahi kumwona akidaka vile. Mshambuliaji alibaki peke yake na goli, Nakhungu akatoka mstarini bila kusita, akaenda chini, akauchukua mpira miguuni pake. Akainuka na nyasi mdomoni. Zamani kila akidaka hunitazama mimi. Leo alimtazama Wakhisi. Winny alikuwa anapiga makofi na kupaza sauti kuliko wote, na mimi nikapiga, halafu nikaona aibu, nikaacha.

Alichaguliwa. Alipotajwa "Nakhungu, Obunga" nilikimbia kwa katibu nikisema huyu ni wangu, mimi ndiye niliyemlea. Katibu akatafuta katika orodha ya usajili. Akasema msichana huyu hakuwa na klabu yoyote mpaka jana jioni. Mama Wakhisi alifunga leso yake vizuri. Hata Mheshimiwa Mitumba hakuniita. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani. Mhubiri alizungumzia mambo mengine kabisa, lakini nililia. Nyumbani Maximilla aliniwekea ugali na samaki, kisha akaenda kula jikoni. Pale kwenye kamba pana nguo zangu tu, glavu hakuna. Nimemkosea mtoto. Nimeandika sentensi hiyo nikaisoma tena, na ni kweli.

Nimeamua. Kesho wanaondoka kwenda kambini. Nitaenda kumwomba msamaha mbele ya watu wote, hata mbele ya Wakhisi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilifika mapema. Njia nzima nilifanya mazoezi ya neno moja: samahani. Nikalisema mbele ya duka la dawa, nikalisema kwa mbwa. Lilikuwa linatoka vizuri.

Nakhungu alikuwa amekwisha keti ndani ya gari la timu, dirishani. Aliponiona akateremka. Aliteremka! Akanipa mkono kwa heshima, kama siku zote. Maximilla alikuwa nyuma yangu, nilisikia anavuta pumzi.

"Kocha, kuna kitu unataka kuniambia?"

Kocha. Bado ananiita Kocha. Nikafungua mdomo. Na wakati huo huo nikamwona, kiti cha nyuma, yule mshambuliaji wa Kakamega, msichana mdogo bado, mguu wa kushoto wa ajabu, aliyefunga mabao mawili Jumamosi.

Nikamuuliza Nakhungu kama yule ana wakala.

Nilidhani atakasirika. Lakini aligeuka, akamuuliza mwenzake kwa dirisha, kisha akaniletea jibu kwa sauti ya upole, kama mtu anayemhudumia mgonjwa. Alisema hana. Akapanda gari. Maximilla alikuwa ameshaanza kuondoka, hakunisubiri.

Gari lilipokunja kona nilikuwa bado nimesimama pale pale, najuta kweli kweli. Sikuomba namba ya yule msichana wa Kakamega.