Matairi Mapana ya Mjomba

Jumatatu, 3 Juni

Nimenyanyua mkono mezani. Wakati wa kula! Kama darasani! Wote wakacheka, binamu yangu akapaliwa na maji, wala sikumwonea huruma. Lakini Mjomba alikuwa ameuliza swali la hesabu. Gari lake la spoti la zamani, lile la viti viwili tu, fundi wa bodi amelipanulia madigadi, yale mabati yanayofunika magurudumu, yametuna kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Je, litavaa matairi mapana kiasi gani bila kukwaruza? Nikasema nitapima. Mjomba akaahidi kwamba nikipatia, Jumamosi kwenye msafara wa magari ya zamani nitakaa kando yake. Binamu akanuna. Amelisugua gari hilo tangu likizo ianze akikitamani kiti hichohicho. Shauri yake. Msafara utapita mbele ya maktaba, na yule msichana anayegonga mihuri ya vitabu, ambaye sijawahi kumwambia lolote zaidi ya "asante", ataniona.

Jumanne, 4 Juni

Nimepima. Gari juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, mwanga tele. Kati ya tairi na madigadi inapita ngumi nzima! Binamu akapita na ndoo yake akiuliza, Profesa, si ulishushe kwanza? Nikamjibu (alipokwisha kuondoka) kwamba mwenye tambara hamfundishi mwenye rula. Mjomba ameagiza matairi mapana kuliko yote dukani, na ya zamani ameyagawa.

Alhamisi, 6 Juni

Fedheha! Matairi yalifungwa, gari likashushwa, likapendeza. Mjomba akaingia, likabonyea. Nikaingia mimi, likabonyea zaidi. Akakata kona: KRRRR! Harufu ya mpira hadi jikoni. Mama akatoka na mwiko kuuliza nani anaunguza nini. Mjomba akataka kujua kama nilipima gari au picha yake. Binamu alicheka hadi akashika ukuta. Fundi wa bodi anasema atayagonga madigadi kwa ndani wiki ijayo. Sasa rangi bado mbichi. Nikatoa wazo tupunguze uzito. Tukatoa tairi la akiba, spana zote, hata mazulia. KRRRR. Nikapendekeza Mjomba asile chakula cha usiku mpaka Jumamosi. Sasa hasemi nami. Kweli shukrani ya punda ni mateke!

Jumamosi, 8 Juni

Tumejaribu watu wote wa nyumbani. Imebainika kwamba gari halikwaruzi likimbeba Mjomba pamoja na mdogo wangu wa miaka sita. Mdogo wangu! Asiyejua hata klachi! Alikalia mito miwili akipunga mkono kama malkia. Binamu na mimi tulifuata kwa miguu na vifaa. Yeye spana, mimi tairi la akiba. Ndiyo haki hiyo? Mbele ya maktaba msichana wa mihuri akapunga mkono. Nami nikapunga. Tairi likaniponyoka, likabingirika hadi miguuni pake. Akanirudishia. Nikasema "asante".

Jumapili, 9 Juni

Nimerudia hesabu zote. Hakuna kosa hata moja! Kosa ni la watu kuingia garini. Mchana akaja jirani: anataka kuivalisha pikapu yake matairi makubwa, na amesikia kwamba mimi hupima. Akaomba niipime ikiwa imebeba mzigo. Nimemwelewesha kwa upole kwamba mzigo huvuruga vipimo. Ameshaanza kupakua.