Miguu Ndiyo Inayokwenda Likizo

Jumatatu, tarehe 3

Leo Bosi ametangaza vita. Yeye ameita mashindano, lakini mimi namjua Manukato.

Mambo yako hivi. Ofisi yetu hupeleka watu likizo katika miji ya pwani ng'ambo, ilhali sisi wenyewe tunaishi mahali ambapo maji mengi kuliko yote yako kwenye tangi la hospitali. Wateja hawajui waende wapi. Bosi haamini picha. Anasema picha hudanganya, unyayo haudanganyi. Kwa hiyo ofisini kwetu kuna mabeseni, kila beseni na mchanga wa mji wake, uliobebwa na wateja waliokwenda wakarudi. Mteja anavua viatu, ananawa miguu, anaonja mji mmoja mmoja. Beseni atakalogoma kutoka, huko ndiko tunakompeleka. Miguu ndiyo inayokwenda likizo, Bosi husema, kichwa kinasindikiza tu.

Kila karani amepewa mji wake wa kuuza mpaka wikendi. Mshindi atakwenda pwani bure, yeye na mwenzake. Manukato, jirani yangu wa meza, anayejimwagia marashi mpaka nzi wanamkwepa, kapewa Mji wa Paka. Mchanga wake laini kama unga. Mimi nimepewa Mji wa Mnara. Kokoto tupu! Mteja wa mwisho kukanyaga beseni hilo alidhani ameumwa na kitu.

Nimerudi nyumbani nikamwambia mke wangu tunakwenda baharini. Kosa kubwa. Tangu uchumba wetu nilimwahidi bahari. Nilimwambia siku atakayoiona kwa mara ya kwanza nitakuwa nimesimama kando yake, nimemshika mkono. Hajawahi kunikumbusha hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma. Leo ameenda tu kupiga pasi nguo ambazo tayari zilikuwa zimepigwa pasi.

Jioni mama mkwe akatokea na kofia mpya ya pwani, pana kama mwavuli. Nilimuuliza nani kamwambia. Amesema hakuambiwa, amehisi.

Jumanne, tarehe 4

Nimewahi ofisini na chekeche la mke wangu. Mpango: nichekeche Mji wa Mnara, kokoto zibaki juu, mchanga laini udondoke chini. Rahisi! Nashangaa miji yenyewe haijafanya hivyo.

Kilichodondoka kinatosha dole gumba. La mtoto.

Manukato amepita akauliza kwa adabu zote kama natengeneza uji. Nikajitia hamnazo.

Mpango wa pili umenijia wakati nachemsha chai. Ufukweni kuna nini? Jua! Nani ataona kokoto ikiwa zina joto la jua? Nikaweka sufuria la kokoto kwenye jiko la umeme, nikazirudisha kwenye beseni zikiwa tamu kabisa, nikamwita mteja wa kwanza, mzee mstaafu wa posta. Sikujua kwamba kokoto ni kitu cha kinyongo. Zinanyamaza juu, moto zimeuficha chini.

Mzee wa posta aliruka. Kwa umri wake sikutegemea. Aliruka Mji wa Ngazi, akaruka Mji wa Ghuba, akatua Mji wa Paka, na hapo akagoma kutoka. Alisema kuna ubaridi wa huruma. Manukato akamwandikisha papo hapo, akamkandia na mguu.

Nyumbani mama mkwe yuko sebuleni na kofia kichwani. Anasema anaizoea.

Jumatano, tarehe 5

Nimepata mchanga!

Jengo la jirani wanaongeza ghorofa, na fundi mwashi wao ni rafiki yangu. Nilimwomba mchanga laini kidogo. Alikuwa juu ya ngazi, akanionyesha kwa kidole mfuko uliokuwa pembeni, akasema umebaki tu, niubebe. Sikuuliza maswali. Mimi si mtu wa maswali, ndiyo maana mambo yangu yanakwenda haraka.

Laini! Mchanga wa kijivu, mwepesi, unateleza kwenye vidole. Nilizika kokoto zote chini yake. Mji wa Mnara umependeza kuliko mnara wenyewe, na mnara wenyewe sijauona.

Wachumba wawili wamekuja kuchagua pa kwenda baada ya harusi. Bibi arusi mtarajiwa alisema ni mzuri. Bwana arusi mtarajiwa akasema ni mkavu mno, na ufukwe usio na unyevu ni kiwanja tu. Wametoka na miguu ya kijivu mpaka kwenye vifundo, wakachagua Mji wa Ghuba. Manukato akapuliza marashi hewani kuondoa vumbi langu.

Lakini neno la yule kijana limenikaa. Unyevu! Bahari inapoondoka asubuhi inaacha mchanga umelowa, kila mtu anajua hivyo, hata sisi tusioijua bahari. Kesho nakuja na ndoo ya maji na chumvi ya jikoni.

Mke wangu ameniuliza leo kama bahari inanguruma muda wote au inapumzika. Nilimwambia inapumzika Jumapili. Amecheka. Zamani alikuwa akicheka hivyo kila siku.

Alhamisi, tarehe 6

Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi aliingia Mwenyekiti wa kikundi cha kina mama. Si mteja mmoja yule, ni kikundi kizima, maana itakakochagua miguu yake ndiko watakakokwenda wote. Bosi mwenyewe alimletea kiti chenye mto. Manukato aliinama mpaka tai ikagusa Mji wa Paka.

Mwenyekiti alivua viatu. Visigino vyake, tuseme ukweli, vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Mimi tayari nilikuwa nimemwaga maji, nimetia chumvi, nimekoroga na mwiko. Akatumbukiza miguu mpaka juu ya vifundo. Akafumba macho. Alisema pana ubaridi mzuri, panatulia. Manukato akapauka!

Kisha Mwenyekiti akaanza kutusimulia habari za wakaza wanawe. Anao watatu. Kwa wa kwanza alikuwa ametulia. Kwa wa pili alisema anasikia joto kidogo, la kupendeza. Alipommaliza wa tatu alitaka kunyanyuka aonje Mji wa Paka.

Hakunyanyuka.

"Mji huu umenishika," alisema.

Bosi alipiga makofi. Hajawahi kuona mji ukimpenda mteja hivi. Mwenyekiti akarudia taratibu kwamba umemshika kweli, asaidiwe. Bosi akapiga makofi tena, ila machache.

Nilitoka mbio mpaka kwa fundi. Aliuliza ni mfuko upi. Nikamwambia ule wa pembeni. Akauliza kama niliutia maji. Nikamwambia na chumvi. Akakaa chini kwanza. Kumbe alidhani nataka kujaza shimo la uani! Ule haukuwa mchanga, ni mchanga uliokwisha kuchanganywa na saruji ya kuzibia matangi, ile inayoshika kabla chai haijapoa.

Nilijua nimekwisha. Nimemwaga unga, na mke wangu hataiona bahari.

Fundi alikuja na nyundo na patasi. Nikamtambulisha kwa Bosi kuwa ni mtaalamu wa hatua ya pili. Yeye alipiga magoti, akaanza kugonga polepole, huku anapuliza vumbi kama anaamsha mtoto. Beseni likapasuka. Kisha Mji wa Mnara ukapasuka, vipande viwili safi, na miguu ya Mwenyekiti ikatoka.

Tuliiosha. Nilifumba macho, na nilipofumbua nikaona Mwenyekiti ameomba kioo. Ngozi yote ya zamani ilikuwa imebaki kwenye saruji. Visigino vilikuwa laini, vyekundu kidogo, vya msichana. Alivigeuza huku, akavigeuza kule. Hata marashi ya Manukato yalinyamaza.

"Mchanga wa hivi upo duniani," alisema, "na hakuna aliyeniambia?"

Nikamwambia upo, Mji wa Mnara. Mungu anisamehe. Ameandikisha kikundi kizima.

Ijumaa, tarehe 7

Mshindi! Bosi ametangaza bila kungoja wikendi. Manukato amenipa mkono wa vidole viwili.

Foleni imefika barabarani. Kila mtu na visigino vyake. Fundi kaleta mfuko mwingine na mabeseni ya akiba, anagonga tangu asubuhi, na wateja wanamwita daktari. Ameshaanza kuitika.

Mchana Bosi aliniita. Alinimwagia sifa mpaka nikavimba kichwa. Kisha akauliza ni nani mwingine hapa anayejua kuuandaa mchanga ule. Hapo ningesema. Ningesema ni saruji, Bosi, na chini ya saruji kuna kokoto. Lakini sifa zilikuwa bado za moto. Nikajibu kwamba hakuna, ni uzoefu, ni mkono tu.

Bosi akasema basi mkono hauendi popote. Nibaki na foleni. Safari ni yangu, hanidhulumu, nimpeleke mke wangu na mtu mwingine.

Jela nimeijenga mwenyewe, nimejifungia ndani mwenyewe.

Nyumbani sanduku lilikuwa wazi kitandani. Shati langu la rangi ya bahari mke wangu alikuwa ameshaliweka, juu kabisa, ili lisikunjike. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Alilitoa shati, akalikunja upya taratibu, akalirudisha kabatini.

"Basi nitakuambia ilivyo," alisema.

Afadhali angenirushia kiatu. Sebuleni mama mkwe akapaza sauti kwamba kwa kuwa nafasi ipo, yeye yuko tayari, na kofia anayo.

Jumamosi, tarehe 8

Wameondoka. Mke wangu, mama mkwe, Mwenyekiti na kikundi chake chote. Na fundi! Mwenyekiti kakataa kwenda bila daktari, kwa hiyo kikundi kimembeba, nyundo na patasi ndani ya mfuko wa taulo. Yaani katika mji mzima, mtu pekee aliyepaswa kubaki amekwenda, na mtu pekee aliyepaswa kwenda anaandika shajara.

Kituoni nilikumbuka Mji wa Mnara ni kokoto kutoka ukingoni mpaka baharini. Nilichoweza kumnong'oneza mke wangu ni avae soksi. Aliniangalia sana. Alisema siku ya kwanza watapumzika, Jumatatu mchana watashuka ufukweni, nami niwe karibu na simu. Nikaapa.

Jumatatu, tarehe 10

Naandikia ndani ya beseni.

Nieleze. Foleni itarudi alasiri, fundi hayupo, na kipimo cha maji hakuwahi kunifundisha. Nikaona wakati wa chakula cha mchana, ofisi ikiwa tupu, nijaribu saruji kidogo kwenye miguu yangu. Kidogo tu! Niitoe mapema kabla haijashika. Kisha nikaanza kumfikiria mke wangu na soksi zake.

Imeshika.

Manukato ameenda kula na ufunguo ameondoka nao, mlango kaufunga kwa nje. Simu iko kaunta, ng'ambo ya mabeseni yote.

Inalia!

Baadaye kidogo. Nimefika. Nilirukaruka na beseni langu kama gunia lenye mtu ndani, nikavunja Mji wa Ngazi, nikamwaga Mji wa Paka wote sakafuni. Nimeipata ikilia kwa mara ya mwisho.

Mke wangu hakuniamkia. Aliielekeza simu baharini, nami nikasikia. Kitu kikubwa kinapumua, kinavuta mawe na kuyarudisha. Bahari haipumziki hata kidogo. Nyuma yake Mwenyekiti alikuwa anamwamuru fundi aanze kuziponda kokoto, na nyundo ilikuwa inaitika.

Mke wangu aliuliza kama nasikia. Nikasema nasikia. Akauliza niko wapi.

"Nimesimama mchangani," nilimjibu.

Haukuwa uongo. Nikasikia kwikwi, nikajua analia au anacheka, na kwa mke wangu hivyo viwili hukaa pamoja.

"Basi nipe mkono," alisema.

Nikaunyoosha mkono juu ya kaunta, nikaushikilia hapo mpaka simu ikakatika. Nilimpenda sana saa ile, na nikaona haya. Nikasema moyoni: imetosha. Nimekoma. Bosi akirudi namweleza yote, mfuko, saruji, kokoto, yote.

Nilipoinua macho Manukato alikuwa dirishani, mkate mkononi, ananitazama na mkono wangu hewani. Hakufungua mlango. Alisimama nje akanisomea kupitia kioo tangazo jipya la Bosi, bango zima, kwa furaha: wiki ijayo tunaanza kuuza miji ya theluji, mshindi anakwenda na mwenzake, na Manukato mwenyewe tayari ameahidiwa mji wenye theluji laini. Mimi nimebakiziwa ule wa barafu ngumu.

Barafu ngumu si neno. Barafu inakwanguliwa ikawa laini. Kinachotakiwa ni friji kubwa tu, na mama mkwe analo, naye hayupo.