Bomu la Kwenye Masale

Jumatatu, 18 Februari 2002
Wataalamu wamefika kijijini kwetu Kikwe! Gari jeupe, kompyuta ya kubeba na kidude cha mkononi kinachowasiliana na satelaiti. Wanatafuta mabomu. Zamani za Mwingereza askari walifanyia mazoezi ya mizinga huku kwetu, na inasemekana yapo ambayo hayakulipuka. Kiongozi wao ni Agnela, dada wa Kichaga kutoka Levolosi, mjini. Alinipa shikamoo, akaeleza kwamba kila kitu kinaingia kwenye ramani moja: picha za ndege, michoro ya zamani, kumbukumbu za wenyeji. Penye usalama panapakwa kijani; penye shaka nyekundu, na hapo jembe haliruhusiwi.

Kumbukumbu za wenyeji! Mimi Sifaeli ni mwenyeji.

Jumanne, 19 Februari
Shamba la Susana, mjane wa marehemu kaka yangu, linapakana na langu. La kwake linagusa mfereji wa maji. La kwangu linagusa vumbi. Mpango ni huu: shamba liwe jekundu, shemeji aogope, nami nijitolee kumpunguzia mzigo. Ukoo utanishukuru.

Nikamwambia Agnela kwamba utotoni niliona bomu likizama pale bila kulipuka. Akaniomba nisimame mahali penyewe ili kidude kipime. Tatizo! Pale ni ng'ambo ya masale, mimea ya majani marefu tuliyoipanda kuwa mpaka, na Susana alikuwa akilima palepale. Kwetu mtu havuki masale ya mwenzake akiwa na jambo baya moyoni. Miguu ilikataa. Nikasimama kwenye masale yenyewe, nikasema ni hapahapa. Agnela akanishukuru kwa ushirikiano. Nilijisikia vizuri kidogo.

Alhamisi, 21 Februari
Ramani imebandikwa ofisi ya kijiji. Balaa! Kumbe shahidi akionyesha mahali, kompyuta inachora duara kubwa kuzunguka, kwa kuwa kumbukumbu za watu huteleza. Nukta yangu iko mpakani. Duara limemeza shamba la Susana, sawa. Limemeza pia kahawa yangu, migomba yangu na choo! Kamba zimefungwa kila upande. Prisca, mke wangu, amekwenda kwa mama yake Nkoaranga. Amesema atarudi choo kikiwa kijani.

Ijumaa, 22 Februari
Nilimwomba Agnela alisogeze duara kidogo tu, upande wa shemeji. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaniuliza kama nina hakika na nilichokiona. Nikasema kabisa. Akasema basi kikosi chenye vipima chuma kitaanza kwetu, na njia ya malisho ya jirani yetu mfugaji, Meitamei, ambako watu wameona chuma kikichungulia, itasubiri. Muda ni mfupi, masika yanakuja.

Sikula. Meitamei hupitisha ng'ombe pale kila asubuhi.

Jioni nilimkuta Susana amekaa nje ya kamba, mbegu za maharage kwenye kanga, akitazama mawingu juu ya Meru. Asipopanda sasa, mwaka huu hana kitu. Hakulalamika. Alinipa pole kwa ajili ya choo. Niliona aibu. Kubwa kabisa.

Jumapili, 24 Februari
Nimeshindwa. Agnela alikuwa kanisani, benchi la nyuma. Baada ya ibada nilimwambia ukweli wote. Hakunifokea. Alisema ramani haijui uongo, inapaka rangi inayoambiwa, na atakayekanyaga ni mtu. Heri angenifokea. Akaenda mwenyewe kumwomba Meitamei asitoe ng'ombe kesho.

Jumatatu, 25 Februari
Kikosi kilianzia kwa Meitamei, na bomu lilikuwepo! Katikati ya njia ya Meitamei. Wakatusogeza mbali, wakalilipua kwa utaratibu wao. Mabati yalitetemeka kijiji kizima. Nilikaa chini, nikamfikiria Meitamei muda mrefu, na fimbo yake, na jinsi anavyotembea mbele ya ng'ombe wake.

Jioni nikakata tawi la sale, nikalipeleka kwa Susana. Kwetu ukiletewa sale la kuombwa msamaha, hukatai. Alilipokea. Akasema amenisamehe, kwa kuwa mimi ndiye ndugu wa mumewe aliyebaki. Akanirudishia, akasema nilipande mpakani, wajukuu walikute. Nililia. Kweli nililia.

Jumanne, 26 Februari
Ramani mpya: kijani tupu! Susana anapanda maharage. Prisca amerudi, amekagua choo.

Mimi nimeamka mapema kupanda sale la msamaha. Lakini pale mpakani udongo ni mgumu, mawe matupu. Sale la msamaha likikauka itakuwa dharau kwa shemeji. Nikatafuta udongo laini. Upo, hatua chache upande wake, karibu na mfereji. Miguu haikukataa hata kidogo, maana sasa tumepatana. Nimelimwagilia vizuri.

Liko peke yake pale, linatia huruma. Yale mengine ya mpakani nitayahamishia huko polepole, moja moja, yakae pamoja.