Jeni Inayoua Hadi Hamira

Jumatatu, 3 Machi. Amsterdam.
Na ijulikane kwa vizazi vyote: asubuhi hii rafu ya juu ya kabati la umeme linalozipa seli joto hapa maabara imekuwa milki yangu. Nimeitwaa bila kumwaga damu. Wietske, mtafiti mwenzangu, alikuwa bado nje anafunga baiskeli. Alipokuta sahani zake za seli nimezishusha chini, aliniambia tu, “Huub, leo umeamka mapema.” Dharau tupu.

Maelezo kwa watakaosoma nikiwa maarufu. Seli zetu za saratani ya kongosho zimepoteza jeni moja ya kuzuia uvimbe. Aliyepoteza mguu huegemea mkongojo. Kazi yetu ni kuutafuta mkongojo huo, yaani jeni nyingine, na kumpokonya. Seli ya saratani ianguke. Seli yenye afya, yenye miguu yake miwili, isitikisike.

Profesa Verhulst ametangaza: mikataba yetu inakwisha mwisho wa mwezi, na pesa ni ya mmoja. Atakayeleta mkongojo bora tarehe 20 atabaki. Mwingine, njia nyeupe.

Maskini Wietske.

Alhamisi, 6 Machi
Ufunuo! Profesa anataka kila jeni tuizime mara mbili: kwenye seli za saratani, na kwenye zenye afya. Yaani nusu ya sahani zinakaliwa na wazima! Nimezitupa seli zenye afya. Sasa napima jeni mara mbili ya Wietske. Yeye bado anazibembeleza zote kama yaya wa mapacha.

Saa ya kahawa (biskuti moja kila mtu, kama kawaida) nikamtegea. Nikaisifu kwa sauti jeni moja ya mkiani mwa orodha yetu ya jeni za kupima, ambayo haijawahi kusifiwa na yeyote. Wietske akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia dada wee, ningekuwa na nafasi ningeiwahi mwenyewe. Akanishukuru. Kwao Frisia hila hawafundishwi.

Ijumaa, 14 Machi
ZIMEKUFA! Jeni moja tu nimeizima, na seli za saratani zinaelea zote. Sijaona mauaji safi kama haya.

Wietske kachungulia. Kauliza zenye afya zimesemaje. Nikamjibu mwenye miguu miwili haulizwi habari za mkongojo. Kacheka mpaka kashika ukuta.

Wivu.

Jumanne, 18 Machi
Huku kwetu mwenye furaha ndiye anayewalisha wenzake. Nimempigia mama, Venlo, anitumie vlaai tatu, pai zetu za cheri zenye unga ulioumuliwa kwa hamira. Si zile keki za hapa zenye ladha ya boksi. Mama kauliza kama tayari nimeshinda. Nikasema ni suala la tarehe tu.

Nimejizoeza uso wa unyenyekevu mbele ya kioo. Umekataa.

Alhamisi, 20 Machi
Nilisimama. Nilionyesha. Profesa alikuwa anatafuna. Akaikodolea macho jeni yangu, akameza, akasema, “Huub, ndugu yangu, hii ndiyo jeni ambayo seli huitumia kutengeneza protini. Ukiizima, kila kiumbe kinakufa. Mimi. Wewe. Hata hamira iliyoumua pai hii.”

Watu wakaitazama pai kwa huruma.

Nikasema hamira haina kongosho. Hakuna aliyeandika.

Kisha Wietske. Jeni ya mkiani! Ile ile! Seli za saratani zimeanguka, zenye afya zinanawiri. Akasema mbele ya wote kwamba bila ushauri wa Huub asingeigusa kabisa. Wakanipigia makofi. Nikainama, ningefanyaje? Mkataba ni wake. Na vipande vya pai akala viwili.

Jumatatu, 24 Machi
Nimetafakari tangu Alhamisi. Kosa langu liko wazi: nilipima jeni chache mno. Ndiyo maana Ijumaa, kabla ya kwenda nyumbani, nilizima nyingine mia. Seli zenye afya sikuweka. Nafasi iko wapi?

Asubuhi hii nimefungua kabati. Zimekufa zote! Jeni mia, mikongojo mia! Wiki moja imebaki, na Profesa atanipigia magoti. Nimempigia mama aandae vlaai sita. Kauliza tena kama nimeshinda. Mama huyu naye.

Wietske anasema tangazo lilibandikwa mlangoni wiki nzima iliyopita. Umeme wa ghorofa yetu ulikatwa tangu Jumamosi.